Nyanya kutoka mbegu hadi ua la kwanza: mwongozo kamili kwa mkulima wa Uganda

Mche wa nyanya una urefu wa shubiri moja, bado uko kitaluni, na tayari una ua la njano kichwani. Wengi wakiliona hufurahi. Wanamwita jirani aje aone, na siku wanapouhamishia shambani wanautunza mche ule kuliko wenzake wote. Miezi miwili baadaye mche uleule ndio uliodumaa. Umezaa nyanya mbili zilizo sawa na limau, majani yanageuka manjano, na haukui tena.

Yalinikuta hapa Bombo. Mwaka wangu wa kwanza nilisia mbegu mwanzo wa Februari nikingoja mvua ya Machi. Mvua ikachelewa, nami sikuwa na maji ya kumwagilia shamba zima, kwa hiyo miche ikakaa kitaluni karibu wiki nane. Nilipoihamisha, nusu yake ilikuwa na maua. Bibi mmoja jirani alisimama kando ya mstari akaangalia, akaniuliza, "Mwanangu, umeona wapi mtoto akanyonyesha? Yanyofoe hayo." Sikuyanyofoa. Nilihisi ni kama kutupa chakula. Msimu ule nilivuna ndoo chache tu kwenye shamba ambalo lingetoa masanduku.

Tangu hapo nimejifunza kuliangalia ua la mapema kama taarifa inayotoka kwenye mizizi. Mwongozo huu unaanza kwenye mbegu na kufika kwenye tunda la kwanza kufunga, lakini nitakaa zaidi pale panapoharibu mavuno ya wengi: tarehe ya kusia, umri wa mche, na uamuzi wa kukata au kuacha ua.

Kwa nini mche mdogo unatoa ua

Nyanya haihesabu urefu wa mchana. Hapa kwetu, ambako mstari wa ikweta unapita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na nyanya huchanua mwezi wowote. Kinachoamua ni umri wa mche pamoja na hali uliyolelewa.

Chipukizi la ua la kwanza huanza kuundwa ndani ya ncha ya mche mapema sana, kama wiki tatu hivi baada ya kuota, mche ukiwa na majani halisi, yale yanayofuata majani mawili ya mbegu, mawili au matatu tu. Kwa macho huoni kitu. Chipukizi hilo hujitokeza baadaye likiwa kishada cha maua, mara nyingi baada ya majani 6 hadi 12, kutegemea aina. Kwa hiyo ukiona ua wiki ya saba, ujue safari yake ilianza zamani. Usitafute kosa kwenye mbolea uliyoweka jana.

Mche ulio shambani, mizizi yake ikiwa huru, unatoa ua huku shina linanenepa na majani yanaongezeka, kwa hiyo ua haliuzidi nguvu. Mche uliobanwa kwenye kikopo, wenye njaa au kiu, hutoa ua lilelile kwa wakati uleule, ila mwili nyuma yake haupo. Tunda likishafunga linavuta sukari yote ya majani. Mizizi inakosa chakula, haiendi mbali, na mche unabaki ulipo. Baridi nayo huchangia. Mche uliolelewa kwenye baridi kidogo na mwanga mwingi hutoa kishada cha kwanza ukiwa na majani machache zaidi, kwa hiyo anayelea miche Kabale au Kapchorwa asishangae kuona kishada kiko chini karibu na udongo.

Anza na kalenda, mbegu baadaye

Hesabu kwa kurudi nyuma. Amua siku ambayo shamba litakuwa na maji ya uhakika, iwe ya mvua, kisima au bwawa, kisha rudi nyuma wiki nne hadi tano. Hiyo ndiyo siku ya kusia. Mche wa wiki nne una majani halisi manne au matano na shina nene kama kalamu ya risasi, au linalokaribia hapo. Mche wa wiki sita bado unafaa kama ulikuwa na nafasi. Ukipita wiki saba, umri unaanza kukudai.

Maeneo ya kati, kuanzia Masaka, Mpigi na Kampala hadi Luwero, yana mvua mbili: ya Machi hadi Mei, na ya Septemba hadi Novemba. Kaskazini msimu ni mmoja mrefu, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba au Novemba. Ukilima kwa kutegemea mvua ya Machi, usisie mbegu zote siku moja. Sia sehemu katikati ya Februari, na sehemu nyingine siku kumi baadaye. Mvua ikichelewa, kundi la pili ndilo litakalokuokoa, na bei ya mbegu za ziada ni ndogo kuliko hasara ya shamba la miche iliyozeeka.

Mwenye maji ya kumwagilia ningemshauri kitu kingine: sia mwishoni mwa Aprili au mwezi Mei, hamisha Juni, uvune kiangazi. Nyanya za masika hushambuliwa sana na bakajani, ugonjwa wa madoa ya majani, na zikiiva zinaiva pamoja na za nchi nzima. Siku hizo ukifika soko la Kalerwe au Owino mjini Kampala unakuta masanduku yamepangwa hadi njiani na mnunuzi ndiye anayetaja bei.

Mbegu gani

Kabla ya jina la mbegu, uliza swali moja: ni nyanya fupi au ndefu? Maamuzi yote kuhusu maua yatategemea jibu hilo.

Nyanya fupi, kama Roma, Rio Grande na Cal J, hukua hadi kimo fulani, kila tawi linaishia kwenye kishada, na mche unafunga kazi. Vishada vyake vinakaribiana, vikitenganishwa na jani moja au mawili. Matunda huiva karibu kwa pamoja. Nyanya ndefu, kama Moneymaker na Anna F1, haziachi kurefuka. Hutoa kishada kila baada ya majani matatu hivi na huendelea kuzaa miezi kadhaa ukizipa miti ya kuegemea, maji na chakula. Kwa hiyo nyanya fupi ina idadi ya vishada inayohesabika, na ukikata kimoja umepunguza mali. Nyanya ndefu ina vishada vingine vinavyokuja.

Penye historia ya mnyauko wa bakteria, ule unaomaliza mche mbichi kwa siku tatu bila jani kugeuka manjano, tafuta MT56, mbegu iliyotoka Chuo Kikuu cha Makerere kwa ajili ya tatizo hilo. Tengeru 97 kutoka Tanzania nayo inapendwa na wakulima wengi wa kanda hii. Mbegu za F1, yaani chotara, zinagharimu zaidi, na mbegu utakazokamua kwenye matunda yake hazitakupa watoto wanaofanana na mzazi. Nunua pakiti iliyofungwa yenye tarehe ya mwisho, na usikubali mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi. Niliwahi kununua hivyo dukani. Nilichoambiwa ni nyanya ndefu kikatoka mchanganyiko wa aina tatu.

Gramu moja ina mbegu kama 300. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 45, ekari moja inachukua miche karibu 12,000. Kwa sentimita 90 kwa 60, kama 7,500. Ongeza robo kwa ajili ya zitakazokataa kuota na miche utakayoitupa. Lazima utatupa.

Mbegu ulizokamua mwenyewe zitibu kwa maji ya moto kabla ya kusia. Zifunge kwenye kitambaa, zizamishe kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 25, kisha uzitie kwenye maji baridi na kuzianika kivulini. Kipimajoto ni cha lazima hapa. Ukikadiria kwa kidole utazichemsha.

Kitalu

Chagua mahali ambapo kwa misimu mitatu hakukuwa na jamaa wa nyanya. Wengi tunajua kwamba viazi mviringo, biringanya na pilipili ni ndugu zake. Tunaowasahau ni wale walioko nyuma ya kila nyumba ya Uganda: nakati, entula na katunkuma. Wote ni wa ukoo huohuo, na udongo ulioota nakati miaka mfululizo unaweza kuwa umebeba mnyauko na minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, ikisubiri nyanya yako. Pandia palipokuwa na mahindi, maharage au kitunguu.

Changanya udongo wa juu wa msituni au chini ya migomba sehemu tatu, samadi iliyooza kabisa sehemu mbili, na mchanga sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ili kuua vimelea, lowesha udongo, utandaze, uufunike kwa plastiki angavu na kuzika kingo zake, kisha uuache kwenye jua kali wiki nne hadi sita. Anayehitaji haraka anaweza kuupasha udongo kwa mvuke kwenye pipa.

Trei za miche ni nzuri kuliko tuta, kwa sababu mche hutoka na bonge lake na mizizi haikatiki. Tatizo la trei ni matundu yake madogo: mche unajaza mizizi mapema, na ukichelewa kuuhamisha ndipo maua ya njaa yanapoanza. Kama huna hakika na mvua, tumia vikaveera (vifuko vya plastiki) vyeusi au vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini, vyenye upana usiopungua sentimita 7. Nafasi hiyo inakununulia wiki mbili.

Chimba kijifereji cha sentimita 1, weka mbegu moja baada ya nyingine kwa umbali wa sentimita 2 au 3, funika kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu juu, nyunyizia maji. Katika joto la nyuzi 20 hadi 27 mbegu huota baada ya siku 5 hadi 10. Hali ya hewa ya Kampala na vitongoji vyake inatosha, huhitaji kuzipasha.

Siku ya kwanza kuona shingo zilizopinda zikitoka ardhini, ondoa nyasi jioni hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka kama uzi ikitafuta mwanga. Inua kivuli chepesi juu kiasi cha mita moja, kisha kipunguze kidogo kidogo.

Wiki nne za kulea

Mwagilia asubuhi, kwa kopo lenye matundu madogo, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Kitalu kinacholowa mchana na usiku ndicho kinacholeta kinyausi: shina linanyong'onyea pale linapogusa udongo na mche unalala. Ukiona mmoja umelala, ng'oa pamoja na jirani zake, punguza maji, na uongeze hewa.

Miche ikiwa na majani halisi mawili, punguza iliyobanana au ihamishie kwenye vikopo. Shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, ila shina likibonyezwa mche umekwisha. Ukiwa na neti ya kitalu yenye matundu madogo sana, hapa ndipo pa kuitumia, kwa sababu nzi weupe wakiambukiza mche virusi vya kukunja majani ukiwa mdogo, hautapona. Neti ya mbu ya kawaida haisaidii, nzi weupe wanapita.

Lisha kwa kiasi. Maji ya samadi yaliyozimuliwa hadi rangi ya chai ya rangi, mara moja kwa wiki kuanzia wiki ya tatu, yanatosha. Mche wenye njaa utauona: majani ya chini yanakuwa manjano, chini ya jani na kwenye shina inaingia rangi ya zambarau. Ukiiona hiyo zambarau usingoje.

Siku saba hadi kumi za mwisho zoesha miche jua. Ondoa kivuli asubuhi kwanza, baadaye mchana kutwa, na upunguze maji bila kuiacha inyauke. Wengine huinyima maji kabisa wakisema wanaikomaza. Mche ulioteswa namna hiyo ndio unaochanua bila mwili nyuma yake.

Siku ya kuhamisha

Chimba mashimo mapema. Kila shimo weka viganja viwili vya samadi iliyooza, na kifuniko kimoja cha soda cha NPK 17:17:17 au DAP, changanya vizuri na udongo ili mizizi isigusane na chembe za mbolea. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu saa moja kabla.

Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapofunikwa na udongo, hivyo zika mche hadi karibu na majani ya kwanza. Mche uliorefuka ulaze kwenye kijifereji na uinue ncha tu. Kama bonge limezungukwa na mizizi kama kamba, lichane taratibu kwa vidole pembeni na chini. Ukiliacha lilivyo, mizizi itaendelea kuzunguka palepale hata ikiwa kwenye udongo mzuri.

Zungushia shina kipande cha karatasi ngumu kilichozama kidogo ardhini kuzuia sota, viwavi wanaokata miche usiku, kisha tandaza nyasi au majani makavu ya migomba. Matandazo yanahifadhi unyevu na yanazuia matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani ya chini.

Ua limetoka mapema: kukata au kuacha

Sasa chuchumaa mbele ya mche. Usianze na ua. Angalia ncha kwanza: kuna jani jipya lenye kijani kibichi linalofunguka, au ncha imesinyaa na rangi imepauka? Kisha shika shina chini ya kishada. Ni nene kama kalamu, au jembamba kama njiti ya kibiriti? Halafu hesabu majani. Baada ya hapo ndipo uangalie ua.

Mche bado kitaluni na una ua au chipukizi la ua: kwa nyanya ndefu, kata kishada chote, bila kusita. Kwa nyanya fupi kata hicho kimoja tu ikiwa mche ni mdogo na dhaifu, kisha ufanye linalotakiwa hasa, yaani uuhamishe jioni hiyo. Kama shamba haliko tayari, uhamishie kwenye kopo kubwa. Kukata ua na kuuacha mche kwenye kikopo kilekile hakubadilishi kitu, kwa sababu baada ya siku chache utaleta jingine.

Mche umehamishwa, haujamaliza wiki mbili, na unachanua: ngoja dalili ya kushika. Kama jani jipya limefunguka tangu uhamishe, na shina ni nene, acha ua. Kama hakuna jani jipya, kata. Mche huo bado unajenga mizizi na hauna cha kugawa. Katika nyanya fupi usirudie kukata kishada cha pili. Ukiona nacho kinakuja kwenye mwili dhaifu, tatizo ni maji au chakula, na dawa yake iko kwenye udongo.

Mche una wiki tatu au nne shambani, umejaa majani: hilo si ua la mapema hata kidogo. Ni wakati wake. Liache.

Msimu uliofuata ule wa hasara nilifanya jaribio dogo. Miche ya Moneymaker iliyochanua mapema niliipanda mistari minne, miwili nikakata kishada cha kwanza, miwili nikaiacha. Iliyoachwa ilinipa nyanya nyekundu kama siku kumi mapema. Zilikuwa ndogo, na mche ulichukua muda mrefu kunenepa. Iliyokatwa iliipita iliyoachwa kwa kimo wiki ya tano na ikaendelea kuzaa mistari mingine ilipokuwa imechoka. Ni shamba moja na msimu mmoja, lakini ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Siku kumi zile zina thamani kwa anayelenga bei ya mwanzo wa msimu, na simlaumu mtu kama huyo akiacha maua kwenye miche yake yenye nguvu. Kwa bustani ya nyumbani mimi nakata.

Namna ya kukata: asubuhi, umande ukishakauka. Nawa mikono kwa sabuni, hasa kama umeshika tumbaku, kwa kuwa inaweza kubeba virusi vinavyoshika nyanya. Anza na miche yenye afya, umalizie na ile unayoitilia shaka. Shika kikonyo cha kishada kati ya kucha ya dole gumba na kidole cha shahada, pinda upande mmoja, kitakatika. Usivute kwenda chini, utachuna gome. Kwa nyanya ndefu nyofoa pia machipukizi ya kwapani yakiwa bado na urefu wa kidole, ubakize shina moja au mawili. Nyanya fupi usizinyofoe hivyo, kwa sababu matawi hayo ndiyo yanayobeba mavuno. Ondoa tu yaliyo chini ya kishada cha kwanza.

Usijaribu kuzuia maua kwa kumwaga mbolea ya naitrojeni. Nimeona shamba la namna hiyo: miche mikubwa, kijani cheusi, majani yamejikunja kama makucha, na maua yakija yanapukutika. Weka kifuniko kimoja tu cha CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, kuzunguka kila mche wiki mbili baada ya kuhamisha, kingine kama mwezi baadaye matunda yakianza kufunga. Iweke sentimita kumi mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu.

Ua unalotaka lifunge

Litazame kwa karibu. Petali za njano zimejikunja nyuma, katikati kuna mnara mdogo wa njano. Chavua iko ndani ya mnara huo, na ua linajichavusha lenyewe likitikiswa. Upepo hutosha shambani. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao husaidia sana, kwani hutetemesha ua kwa mngurumo wao, jambo ambalo nyuki wa asali hawafanyi. Kwenye nyumba ya plastiki au barazani palipokingwa, gonga mti wa kuegemea kwa kidole kila siku kati ya saa nne na saa sita mchana.

Kwenye kikonyo cha kila ua kuna kifundo, kama goti. Kifundo kikigeuka manjano, ua hilo litaanguka kesho au keshokutwa. Kikibaki kijani, petali zikakauka na nyuma yake ukaona kitu kama punje ya pilipili manga, tunda limefunga. Mimi hupita kila jioni nikiangalia magoti hayo, kwa sababu yananiambia shida kabla maua hayajatapakaa chini.

Yakipukutika mengi, angalia joto kwanza. Mchana ukizidi nyuzi 32 mfululizo, chavua inaharibika. Kwa hiyo Adjumani, Moyo na Kitgum, miezi ya Januari na Februari, utaona maua mengi na matunda machache hata ukimwagilia. Panga kuchanua kusiangukie miezi hiyo, au panda penye kivuli chepesi cha mchana. Usiku wa chini ya nyuzi 13, kama ule wa milima ya Kigezi, nao huzuia kufunga. Joto likiwa sawa, angalia maji: kukauka leo na kufurika kesho huangusha maua, na baadaye husababisha kitako cha tunda kuoza, doa jeusi kavu chini ya nyanya. Wengi hukimbilia kununua dawa ya doa hilo. Ni kalsiamu isiyofika kwenye tunda kwa sababu maji hayaji kwa mpangilio.

Magonjwa

Bakajani chelewa huja na baridi na unyevu, madoa kama maji ya moto yamemwagika kwenye jani, na linaweza kumaliza shamba kwa wiki. Kinga ni nafasi, kuegemeza miche, kumwagilia chini, na kupiga dawa ya kinga kabla halijaingia. Mche ulioshikwa na mnyauko wa bakteria ng'oa na uchome moto. Kata shina lake ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndiyo wenyewe. Tuta absoluta, kiwavi kipekecha wa kutoka Amerika Kusini, huacha mabaka meupe kwenye majani na matundu kwenye matunda. Chuma majani hayo mapema na uyazike kwa kina au uyafunge kwenye kaveera juani.

Na kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Nyanya zenye vumbi jeupe tunaziona sokoni, watu wanazifuta kwa shuka na kuzila. Ukipulizia leo na kuvuna kesho, sumu hiyo inakwenda mezani kwa watoto wa mtu.

Mbegu za msimu ujao

Kama aina yako si F1, chagua mche uliokaa vizuri, ambao haukuchanua kitaluni na haukuugua. Chukua nyanya iliyoiva kabisa kutoka kishada cha pili au cha tatu. Kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu ukikoroga kila siku hadi utando uliozizunguka uachie. Osha, mwaga zinazoelea, anika kwenye sahani kivulini, uzigeuze zisishikane. Zikikauka zikawa na manyoya laini na zinatelezana, ziweke kwenye bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko, mahali penye baridi. Zitaota vizuri hata baada ya miaka mitatu hadi minne. Juu ya bahasha andika aina, siku uliyosia, na siku ulipoona ua la kwanza.